Boti ya injini za nje: anza kuikagua tezini

Mnunuzi wa boti kubwa kwa kawaida huanzia omo, yaani mbele. Hutazama viti, usukani, skrini ya ramani na mahali pa kusimamishia mishipi, na mwisho kabisa ndipo huinamia injini. Sisi tunaokagua vyombo vya majini huanzia tezini, yaani nyuma, maana kwenye boti ya injini za nje uzito, gharama na hatari kubwa vimekaa huko.

Tazama kwanza ukuta wa nyuma unaobeba injini. Injini moja ya mipigo minne yenye nguvu farasi 300 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Zikiwa tatu, hizo ni zaidi ya kilo 600 zinazoning'inia mchana na usiku, na zikiwaka husukuma boti nzima kupitia ukuta huohuo. Boti nyingi za faiba, hasa za zamani, zina mbao ndani ya ukuta huo. Maji yakipenya kwenye tundu la bolti lililozibwa vibaya, mbao huoza polepole huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Gonga kwa nyundo ndogo ya plastiki. Mlio mkavu ni dalili njema. Ukisikia kama unagonga gunia lililoloa, pana kasoro. Kisha mtu ashike mguu wa injini iliyoinuliwa na autikise juu na chini wakati wewe unaangalia ukuta. Ukuta ukicheza, au ukiona nyufa pembeni, acha kwanza habari ya bei, kwa sababu kuutengeneza kunadai kushusha injini zote na kufumua tezi.

Kuhusu injini zenyewe, omba taarifa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya kila injini. Huonyesha saa ilizofanya kazi, na mara nyingi ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani katika saa hizo. Saa chache zisikuvutie peke yake. Mimi ningechagua injini ya saa 800 iliyotumika kila wiki na kuoshwa, kabla ya ile ya saa 90 iliyokaa miaka kumi na chumvi ndani ya njia zake za maji. Mwaga pia mafuta kidogo ya gia: yakitoka meupe kama maziwa, maji yameshapita sili, yaani kizibo cha kuzuia maji.

Majaribio yafanyike boti ikiwa na mzigo wa safari halisi, yaani matangi yamejaa, watu wamo na barafu imo. Injini nyingi za aina hii zinatakiwa kufika mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, kulingana na mtengenezaji. Zikishindwa, huenda propela haifai au tumbo la boti limeota magugu, na injini inaelemewa kila siku.

Papo hapo utaonja gharama ya mafuta. Injini ya nguvu farasi 300 ikifunguliwa yote hunywa takriban lita 100 kwa saa, ingawa ukipunguza hadi mwendo wa safari hushuka sana. Panga mafuta kwa theluthi: moja ya kwendea, moja ya kurudia, moja ya akiba.

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao huteremka na kutulia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, ukingoja cheche. Kabla ya kuwasha, fungua vifuniko, nusa, washa feni ya kutoa hewa.

Ukishaimiliki, kila ukitoka baharini pitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, ndani ya injini. Vipande vya zinki vinavyoliwa na kutu badala ya injini vibadilishwe vikibaki nusu. Mafuta ya injini hubadilishwa kila saa 100 au kila mwaka, kinachotangulia. Na unapowasha, angalia mkondo mwembamba wa maji unaoruka nyuma ya injini. Ukikatika, zima mara moja.

Liko jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mnunuzi: kamba ya kuzimia injini. Nahodha akirushwa majini bila kuifunga mwilini, boti iliyobaki inawaka mara nyingi huzunguka na kumrudia, propela zikikata maji. Siku ya majaribio ivute makusudi. Injini zote lazima zizime kwa pamoja. Ikibaki hata moja, hapo hamjamaliza.