Vidonge vya beri na kumbukumbu za wazee: yanayosemwa na yaliyopimwa

Mzazi akianza kurudia swali lilelile mara tatu asubuhi moja, watoto huingiwa na hofu, na chupa ya vidonge huwa karibu kuliko daktari. Vingi vya vidonge hivyo siku hizi hutengenezwa kwa dondoo za bluberi, kranberi na beri nyinginezo, yaani matunda madogo madogo. Yanayosemwa juu yake yana ukweli ndani, ila umetiwa chumvi nyingi.

Dhana potofu: Imethibitishwa kwamba dondoo za beri huzuia ugonjwa wa kusahau.

Hakuna utafiti ulioonyesha hivyo. Zilizopo ni dalili za kutia moyo. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, waliwapa wazee walioanza kusahau maji ya bluberi mwitu kila siku kwa wiki 12. Kipimo kimoja kilikuwa cha jozi za maneno: mtu anazisikia, kisha anatajiwa neno moja na kutakiwa akumbuke mwenzake. Wazee hao walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini walikuwa 9 tu!

Mwaka 2022 Uingereza ikafuata na unga wa kranberi: watu 60 wa miaka 50 hadi 80, wiki 12 vilevile. Kumbukumbu ya mambo yanayoonekana kwa macho iliboreka, na damu ilipita vizuri zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo. Uwezo wa kupanga na kuamua mambo haukubadilika. Mimi nayachukulia matokeo haya kwa uzito, yanastahili majaribio makubwa na ya miaka mingi. Ila kukumbuka jozi chache zaidi baada ya miezi mitatu hakumaanishi kwamba umekingwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau.

Dhana potofu: Kumeza kidonge ni sawa na kula tunda.

Ushahidi unaonukuliwa sana kutetea beri unatokana na wauguzi wanawake 16,010 wa Marekani, wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012: waliokula bluberi na stroberi kwa wingi walionekana kuchelewa kupungukiwa kumbukumbu kwa hadi miaka 2.5. Walikula matunda, tena kwa miaka mingi, na huenda anayependa matunda pia hutembea zaidi na havuti sigara. Watafiti hujaribu kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini haziishi zote. Muuza vidonge anayenukuu namba hiyo anaazima sifa za tunda.

Dhana potofu: Antioksidanti zikizidi, ubongo unalindwa zaidi.

Antioksidanti ni kemikali zinazosemwa kukinga seli zisiharibiwe; namba za nguvu zake hupimwa maabara, nje ya mwili. Rangi ya beri, yaani anthosianini, ambayo ni antioksidanti, huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Sehemu kubwa huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kuwa kemikali nyingine. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya namba hizo kwa sababu hazikuonyesha faida kwa afya ya binadamu, na kampuni zilikuwa zinazitumia vibaya kutangazia bidhaa.

Dhana potofu: Ni vya asili, haviwezi kudhuru.

Soma lebo kwa makini. Ukikuta “mchanganyiko maalumu” wenye uzito mmoja wa jumla, huwezi kujua kila beri imetiwa kiasi gani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu zaidi na kranberi, kwani kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi.

Dhana potofu: Kusahau ni uzee tu, tujaribu kidonge kwanza.

Hii ndiyo inayoniumiza. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, sonona, na hata dawa za usingizi, za mzio au za kibofu huweza kumfanya mzee asahau, na yote hayo yanatibika au kurekebishwa. Masikio nayo: asiyesikia vizuri huonekana amesahau jambo ambalo hakulisikia tangu mwanzo. Kila mwezi wa kungoja kidonge kifanye kazi ni mwezi ambao chanzo halisi kinaendelea bila kuguswa. Mpeleke mzazi akapimwe, na ubebe dawa zake zote, pamoja na chupa ya beri, daktari azione mwenyewe.