Ulihesabiwa ulikolala: kuhusu wingi wa watu katika kaunti zetu

Msimu wa bajeti na ugavi wa mapato unapowadia, maswali kuhusu sensa huongezeka, na mengi huja yakiwa lawama. Kaunti moja "imeibiwa watu", nyingine imepewa watu isiokuwa nao. Wapo pia wanaouliza inakuwaje Marsabit, ambayo ukiizunguka kutwa nzima hujaimaliza, iwe na watu wachache kuliko Vihiga unayoivuka kabla chai haijapoa. Maswali haya ni halali na yanastahili majibu. Lawama nyingi, hata hivyo, zinatokana na kuchanganya mambo ambayo katika kazi yetu ya takwimu hayachanganywi.

Usiku wa sensa, tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Nairobi ilikuwa na 4,397,073, Kiambu 2,417,735, Nakuru 2,162,202, Kakamega 1,867,579 na Bungoma 1,670,570. Kaunti hizo tano kati ya 47 zina zaidi ya robo ya Wakenya. Ukiziongezea Meru, Kilifi, Machakos, Kisii na Mombasa, kaunti kumi zinakuwa na watu wanne katika kila kumi.

Sasa tazama upande wa pili. Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa, Tana River, Isiolo na Samburu kwa pamoja zinachukua takriban asilimia 60 ya ardhi ya nchi hii. Watu wake wote, kwa mujibu wa sensa hiyo, walikuwa milioni 4.77. Yaani kaunti nane zenye zaidi ya nusu ya ramani zinaipita Nairobi kwa watu chini ya laki nne, na Nairobi ina takriban kilomita za mraba 704 tu. Kwa wastani wa nchi, kilomita moja ya mraba ina watu 82. Nairobi ina 6,247, Marsabit ina sita. Anayesema sensa ina kasoro kwa sababu "kaunti yetu ni kubwa" amepima ardhi, hajahesabu watu. Kuhusu kaunti za kaskazini ambazo matokeo yake yamewahi kupingwa mahakamani, maamuzi ni ya mahakama na sitayajadili hapa.

Nije kwenye jambo ambalo, kusema kweli, tumelieleza mara nyingi kiasi cha kuchosha. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba iliendelea hadi tarehe 31 Agosti, lakini swali la karani lilibaki kuhusu usiku ule mmoja: nani alilala hapa? Mgeni aliyekuwa amelala kwako aliandikwa kwako. Mwanao aliyekuwa bweni aliandikwa shuleni, na mfanyakazi wa zamu ya usiku, kama bawabu au muuguzi, aliandikwa nyumbani kwake. Waliokuwa hotelini, kwenye lojing'i, hospitalini, safarini, na wanaolala mitaani walihesabiwa usiku huohuo na makarani waliotengewa kazi hiyo. Ndiyo maana serikali iliagiza baa zifungwe jioni ya siku hiyo, hatua iliyozua kelele kuliko swali lolote lililokuwa kwenye dodoso.

Kwa hiyo hakuna mtu anayehesabiwa "kwao". Una shamba Mumias, mama yako yuko Mumias, utazikwa Mumias, lakini usiku ule ulilala Kangemi: wewe ni mmoja wa wale 4,397,073 wa Nairobi. Kila sensa tunapokea malalamiko ya viongozi ambao, kwa hesabu zao, watu wao wengi wametoweka. Hawajatoweka. Wamepanga nyumba mahali pengine.

Mfano mzuri ni Kakamega na Kiambu. Katika sensa ya 2009 Kakamega ilikuwa ya pili nchini kwa watu 1,660,651, na Kiambu ikaifuata ikiwa na 1,623,282. Miaka kumi baadaye Kakamega ilikuwa imeongeza takriban sehemu moja ya nane. Kiambu iliongeza karibu nusu. Haiwezekani ongezeko hilo likatokana na uzazi peke yake, na wala akina mama wa Kiambu hawazai kuliko wa Kakamega. Ni uhamiaji. Nairobi imejaa, kodi ya nyumba imepanda, na barabara kuu ya Thika iliyozinduliwa mwaka 2012 ikaifanya Ruiru na Juja kuwa mahali pa kulala kwa mtu anayefanya kazi mjini. Upande wa Kajiado hali ni hiyohiyo: Ngong, Rongai na Kitengela zimeipandisha kaunti kutoka watu 687,312 hadi 1,117,840. Mavoko imefanya vivyo hivyo kwa Machakos. Jumlisha Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado upate watu milioni 9.35, karibu mmoja katika kila Wakenya watano. Mipaka ya kaunti ilifuata ile ya wilaya 47 za sheria ya mwaka 1992. Mji haukuisoma sheria hiyo, ukaendelea kutanuka.

Hapa ndipo penye ugumu halisi ambao ningependa ujadiliwe badala ya habari za wizi wa watu. Mkazi wa Ruiru anahesabiwa Kiambu, na mgao unaozingatia idadi ya watu unamfuata huko. Lakini kutwa anatumia barabara, maji, vyoo vya umma na hospitali za Nairobi. Nairobi ya mchana ina watu kuliko Nairobi ya usiku, na sensa haikuundwa kupima ya mchana. Jioni, Kiambu nayo inapaswa kumpatia mtu huyohuyo maji ya bomba, mahali pa kutupa taka na shule ya watoto wake.

Pwani kuna mfano mdogo wa jambo hilohilo. Kaunti ya Mombasa ina kilomita za mraba 220 hivi na watu 1,208,333, na nafasi ya kujenga ni finyu. Watu wanavuka Mto Mtwapa wakaishi upande wa Kilifi. Kilifi ina watu 1,453,787 na imeipita Mombasa, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu mazoea yanawaambia mji ndio wenye watu.

Mazoea hayo yana kasoro nyingine. Msongamano wetu si wa mijini pekee. Vihiga ina watu 590,013 tu, haimo hata kwenye ishirini za kwanza kwa wingi, lakini kila kilomita ya mraba ina watu 1,047. Kisii ina 957. Hayo ni mashamba, mahindi na migomba iliyogawanywa kutoka babu hadi mjukuu, katika ardhi inayopata mvua ya kutosha. Anayepanga huduma za Vihiga kama za kijiji cha kawaida anakosea sawa na anayeipangia Wajir kwa kufuata ukubwa wa ramani.

Kisha kuna kaya, takwimu ninayoiona muhimu kuliko zote na ambayo karibu hakuna anayeiulizia. Wastani wa nchi ni watu 3.9 kwa kaya. Nairobi ni 2.9, Mandera 6.9. Kwa hiyo Nairobi, yenye mtu mmoja katika kila kumi na mmoja, ina kaya moja katika kila nane. Mita za maji, stima na nyumba za kupanga zinafuata kaya.

Kuhusu fedha, utaratibu ni huu. Kifungu cha 203 cha Katiba kinataka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Msingi wa kugawana baina ya kaunti huamuliwa na Seneti chini ya Kifungu cha 217, baada ya mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Ofisi ya takwimu haigawi hata shilingi. Katika fomula ya kwanza idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 45. Katika ya tatu, iliyopitishwa Septemba 2020 baada ya mvutano mrefu, ilishuka hadi 18, ikifuatana na vigezo vya afya, kilimo, umaskini, ardhi, barabara, miji na mgao sawa. Ukisikia mwanasiasa akidai kuwa kila kichwa kilichoandikwa kina bei yake, muulize anasoma fomula ipi.

Kuchora mipaka ya maeneo bunge pia si kazi yetu. Ni ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. Kifungu cha 89 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 na wastani wa nchi kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa maeneo bunge 290 na watu wa 2019, wastani ni takriban 164,000. Kaunti ndogo ya Ruiru ilikuwa na watu 371,111, Lamu Mashariki 22,258. Wala msichukue idadi ya wapigakura mkailinganisha na sensa: kwenye uchaguzi wa 2022 Nairobi ilikuwa na wapigakura milioni 2.4, na tofauti na sensa ni watoto, wasiojiandikisha, na waliojiandikisha vijijini.

Mwisho, usiri. Sheria ya Takwimu ya 2006 inamtaka kila mtu ajibu maswali ya sensa. Kukataa, au kutoa habari za uongo ukijua ni za uongo, ni kosa la jinai linaloweza kuadhibiwa kwa faini au kifungo. Hii ni pamoja na kuandikisha watoto wasiokuwepo ili "kaunti isibaki nyuma". Sheria hiyohiyo inambana afisa wetu anayetoa habari za mtu mmoja mmoja nje ya ofisi, hata kama anayeziomba ni chifu, polisi au mtoza ushuru. Yote tunayotoa ni jumla.

Jumla hizo ziko wazi kwa kila mtu. Juzuu ya kwanza ya matokeo ya 2019 ina kaunti na kaunti ndogo, ya pili inashuka hadi kata ndogo, ya tatu ni umri na jinsia, ya nne ni hali za maisha. Zinapatikana kwenye tovuti ya Shirika la Takwimu la Taifa bila malipo. Anayetaka kupinga takwimu za eneo lake aanze na juzuu ya pili, ataje kata ndogo anayoizungumzia, na aandike kwa maandishi.