Je, wajua kwa nini mtandaoni chema hakijiuzi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo inafaa sokoni, ambako mnunuzi hupita kati ya meza, akashika, akanusa, akalinganisha, kisha akachagua. Soko la nyimbo na programu za simu halipitiki namna hiyo. Mwaka 2022 wakuu wa kampuni kubwa za muziki walikuwa wakitaja nyimbo 100,000 zinazopakiwa kwenye huduma za muziki kila siku. Ukiamua kuonja kila moja kwa sekunde kumi tu, bila kulala wala kula, utahitaji zaidi ya siku kumi na moja kumaliza nyimbo za siku moja.

Miezi michache iliyopita nilikutana na wimbo wa msanii anayejirekodi mwenyewe: gitaa, sauti moja, na mvua inayosikika kwa mbali. Ulikuwa umesikilizwa mara 83. Niliurudia usiku ule mpaka nikayajua maneno yake kwa moyo, na swali halikunitoka: kama chema chajiuza, huu umekwama wapi?

Swali hilo limewahi kupimwa, tena kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilolifanya mtandaoni. Walikusanya nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakazifungulia tovuti, na watu 14,341 wakaingia. Kila aliyeingia aliweza kusikiliza, kutoa alama na kupakua bure wimbo aliotaka. Kundi moja liliona majina ya bendi na nyimbo tu, basi. Wengine waligawanywa kwa bahati nasibu katika dunia nane zisizojuana, na kila mmoja aliona ni watu wangapi wa dunia yake walioupakua kila wimbo kabla yake.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Dunia zote nane zilianza na nyimbo zile zile na hesabu ya sifuri, lakini hazikufika mahali pamoja. Kuna wimbo ambao, kwa kipimo cha wale wasioona hesabu yoyote, ulikuwa wa 26 kati ya 48, yaani wa katikati kabisa. Katika dunia moja ukashika nafasi ya kwanza. Katika nyingine ukawa wa 40. Sauti ni ile ile, mashairi ni yale yale. Kilichotofautiana ni nani alipita mapema na akabofya nini, na waliofuata wakafuata nyayo. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana, na zile mbaya kabisa hazikupanda sana. Zilizobaki katikati, ambazo ndizo nyingi, hatima yao ilikuwa kama mashua isiyo na nahodha.

Kuna jambo moja katika jaribio hilo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika sehemu ya kwanza nyimbo zilitawanywa kwenye ukurasa bila mpangilio wa umaarufu. Katika sehemu ya pili watafiti walizipanga kwa safu moja, iliyopakuliwa zaidi ikikaa juu. Badiliko hilo dogo la mpangilio liliongeza pengo kati ya walionacho na wasionacho, na likafanya mshindi awe mgumu zaidi kutabirika. Sasa fungua huduma yoyote ya muziki au duka lolote la programu uone limepangwaje.

Miaka miwili baadaye Salganik na Watts walikwenda mbali zaidi. Waliigeuza hesabu juu chini, wimbo wa mwisho ukaonekana ndio wa kwanza. Kwa nyimbo nyingi uongo ule ukawa kweli: zilizosemwa kuwa maarufu zikawa maarufu. Lakini nyimbo zilizopendwa mno mwanzoni zilianza kupanda tena, polepole, zikijikokota kutoka shimoni. Na kwa jumla watu walipakua nyimbo chache zaidi, kana kwamba walipooneshwa zisizo nzuri juu ya orodha walikata tamaa na sehemu nzima. Kwa hiyo methali haikosei. Chema hujiuza, ila kwa kuchelewa, na kwa sharti kwamba watu wa kutosha wakione kwanza.

Mtu atasema: siku hizi tuna mashine za kupendekeza, hazitazami umaarufu peke yake. Ni kweli. Lakini tuangalie mashine hizo zinajuaje zinachokijua.

Njia kongwe zaidi ni ya kulinganisha watu. Mwaka 1994 huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa Ringo, uliofanya kazi kwa barua pepe. Ulikuwa ukiutumia orodha ya wanamuziki na alama ulizowapa, nao ukatafuta watu waliotoa alama zinazofanana na zako, kisha ukakurudishia wanamuziki ambao wenzako hao waliwapenda nawe hujawagusa. Mashine yenyewe haikujua ngoma wala zeze. Ilijua tu kwamba wewe na fulani mnaelekea kupenda vitu vilevile. Mbinu hiyo, ikiwa imekuzwa mara nyingi, bado ni uti wa mgongo wa mapendekezo unayoyaona leo. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilipoanzisha orodha yake ya nyimbo 30 za kila Jumatatu, mwezi Julai 2015, kiini chake kilikuwa ni orodha ambazo watumiaji wenyewe walikuwa wamezitengeneza. Ikiwa nyimbo mbili unazozipenda zinakaa mara kwa mara kwenye orodha za watu pamoja na wimbo wa tatu usioujua, huo wa tatu unaletwa kwako. Mtu fulani, pengine alikuwa akijiandalia muziki wa kufulia nguo, ndiye aliyekupendekezea. Mashine imebeba tu ujumbe.

Sasa chukua wimbo uliopakiwa asubuhi hii. Hauna msikilizaji, haumo kwenye orodha ya mtu yeyote, hauna jirani. Kwa njia hii ya kulinganisha watu, wimbo huo haupo. Tatizo hili wataalamu huliita kuanza na injini baridi, na si dogo. Mwaka 2013 Spotify ilieleza kwamba asilimia 80 ya nyimbo zake zilikuwa zimesikilizwa angalau mara moja. Ilikuwa na nyimbo zaidi ya milioni 20 wakati huo, kwa hiyo kama milioni nne hazikuwa zimewahi kuguswa na sikio la mtu hata mmoja. Mwaka uliofuata ilitokea tovuti iitwayo Forgotify ambayo kazi yake ilikuwa moja: kukupigia wimbo kutoka kwenye fungu hilo. Ukishausikiliza, unatoka kwenye fungu. Nimeshawahi kutumia jioni nzima huko. Nyingi hazikuwa na mvuto kwangu, siwezi kudanganya. Lakini kujua kwamba wewe ni wa kwanza kumsikia mtu aliyeimba miaka mingi iliyopita ni hisia ambayo sijaipata mahali pengine.

Kuna waliojaribu kuipasha injini joto kwa kuusikiliza muziki wenyewe badala ya kuwatazama wasikilizaji. Pandora, redio ya mtandaoni, iliajiri wanamuziki waliokaa na kuuchambua wimbo mmoja mmoja kwa sifa zinazofikia 450: mwendo, aina ya sauti, namna gitaa linavyopigwa, jinsi kiitikio kinavyoingia. Kazi nzuri, ila binadamu hawezi kukimbizana na nyimbo 100,000 kwa siku. The Echo Nest, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Tristan Jehan na Brian Whitman waliotoka MIT, iliwaachia kompyuta kazi hiyo: zisikilize sauti, na vilevile zisome maandishi ya watu mtandaoni kuhusu wanamuziki ili zijue ni maneno gani hutumika kuwaeleza. Spotify iliinunua mwaka 2014. Mwaka huohuo mtafiti Sander Dieleman, akiwa mwanafunzi wa mazoezi ya kazi hapo, alionesha jinsi mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano mingi, unavyoweza kugeuza sauti ya wimbo kuwa picha ya masafa yake na kubashiri, kutokana na picha hiyo, ungependwa na nani hata kama haujasikilizwa na yeyote.

Hata hivyo kubashiri si kuthubutu. Huduma ikikupa wimbo usiojulikana na ukauruka, imepoteza dakika yako. Ikikupa unaoufahamu, unabaki. Ndiyo maana mara nyingi nafasi ya kujaribu hutolewa kwa kipimo, kama chumvi. Na kuna nafasi zinazonunuliwa kwa namna fulani: mwaka 2020 Spotify ilitangaza mpango ambao msanii huchagua wimbo wake usukumwe zaidi kwenye baadhi ya sehemu za huduma, naye akakubali malipo pungufu kwa usikilizaji utokao huko. Hapo kujitembeza kumeacha kuwa dalili ya ubaya. Kumekuwa njia.

Kwenye programu za simu hali ni hiyohiyo, pengine ni ngumu zaidi. App Store, duka la programu la Apple, ilifunguliwa Julai 10, 2008 ikiwa na programu 500, idadi ambayo mtu mvumilivu angeweza kuipitia yote kwa siku moja. Baadaye Apple yenyewe ilisema zaidi ya asilimia 65 ya upakuaji hutokea mara tu baada ya mtu kutafuta. Yafikirie maana yake: ili kutafuta kitu ni lazima uwe tayari na neno lake kichwani. Chombo kizuri ambacho hukujua kwamba kinawezekana hutakitafuta kamwe.

Zamani kulikuwa na kitufe kwa ajili ya hilo. StumbleUpon, ambayo Garrett Camp na wenzake waliianzisha nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa na kazi ya kukupeleka kwenye tovuti usiyoitarajia kila ulipobofya. Ilifungwa mwaka 2018, na bado naikumbuka kwa huzuni ya kweli. Product Hunt, iliyoanzishwa na Ryan Hoover mwaka 2013, hufanya jambo tofauti: huweka bidhaa mpya kila siku na watu huzipigia kura, na kesho yake mbio zinaanza upya. Napenda kwamba kila kitu hupata siku yake. Sipendi kwamba ndani ya siku hiyo kura huonekana, maana tumeshaona hesabu zinazoonekana hufanya nini.

Kuna sehemu moja ambayo, bila shaka kwa sababu nyingine kabisa, inafanana na lile kundi la Columbia lisiloona hesabu. F-Droid, hazina ya programu huria za Android iliyopo tangu 2010, kwa miaka mingi imekuwa haikuoneshi nyota wala idadi ya waliopakua. Ukiifungua unakutana na zilizoingizwa au kusasishwa karibuni. Unasoma maelezo, unapakua, unaamua mwenyewe. Huko ndiko nilikopata daftari ninaloandikia makala hii, na sikuwa na namna ya kujua kama wanaolitumia ni kumi au laki moja.

Kwa muziki, mahali ninapopatembelea zaidi ni Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, na sababu ni kitu kidogo kilichoko kwenye ukurasa wa albamu. Wanapoonekana picha ndogondogo za watu walioinunua, unaweza kubofya mmoja wao ukaona albamu nyingine alizonunua. Hakuna anayekubashiria. Unamfuata mtu aliyetoa pesa yake kwa albamu unayoipenda, unapekua kabati lake, kisha kutoka kwake unaruka kwa mwingine. Ni mbinu ile ya Ringo, ila safari hii unaiendesha kwa mkono wako, na unaweza kusimama mahali ambapo mashine isingethubutu kusimama. Vilevile unaweza kuchagua lebo ya aina ya muziki na kupanga kwa tarehe ya kutoka badala ya mauzo. Popote penye uwezo wa kubadilisha mpangilio kutoka umaarufu kwenda tarehe, ubadilishe. Utakutana na makapi mengi zaidi, na hiyo ndiyo gharama yake.

Kuna pia njia ya majina yaliyoandikwa pembeni. Nani alipiga besi? Nani alichanganya sauti? Watu hawa hufanya kazi na wengine wengi wasiojulikana, na jina la fundi mitambo mmoja linaweza kukufungulia wasanii kumi.

Ule wimbo wa mara 83 niliupata hivyo. Nilimpenda mpiga gitaa kwenye albamu ya mtu mwingine, nikalifuata jina lake, nikakuta amemsaidia rafiki kurekodi nyimbo nne chumbani. Niliuweka wimbo ule kwenye orodha yangu ya hadhara, kati ya nyimbo nyingine 24, baadhi zikiwa za watu wanaosikilizwa na mamilioni. Kwa mashine, huo ulikuwa uhusiano wa kwanza kati ya wimbo ule na nyimbo hizo: sasa ulikuwa na majirani, na majirani hao wana wageni kila saa.