Je, Wajua Jinsi Watu Wachache Walivyoweza Kuwamaliza Wanyama Wakubwa wa Kale?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka mingi, tena kwa uhakika. Nilipoulizwa kwa nini mamothi, yule jamaa wa tembo mwenye manyoya marefu, hayupo tena duniani, nilijibu kwamba enzi ya barafu ilikwisha, joto likapanda, malisho yakabadilika, naye akashindwa kuishi. Mtu akitaja wawindaji, nilikuwa na hoja niliyoiona haijibiki: watu wa zama hizo walikuwa wachache mno, wametawanyika katika vikundi vidogo, na silaha yao ilikuwa mkuki wenye ncha ya jiwe. Watu hao wangewezaje kummaliza mnyama wa tani kadhaa aliyeenea kutoka Ulaya hadi Amerika ya Kaskazini?

Makosa yaliyomo katika hoja hiyo yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu nimeyasikia kwa watu wengi wenye elimu na kwa sababu yanafanana sana na busara. Kosa la kwanza ni ile picha ya mauaji ya halaiki. Tukiwaza kutoweka kwa mnyama, tunaona kundi zima likifukuzwa na mizoga ikitapakaa, na kwa kuwa wachimbaji wa visukuku hawajakuta mizoga ya wingi huo, tunahitimisha kwamba binadamu hakuhusika. Ajabu ni kwamba uwindaji wa namna hiyo ulikuwepo kweli, na mnyama aliyewindwa hivyo hakutoweka. Huko Alberta, nchini Canada, kuna jabali ambalo wenyeji walilitumia kwa zaidi ya miaka 5,000 kuwaswaga baisani, yaani nyati wa Amerika, mpaka wakaporomoka kwa makundi na kufa, na bado Wazungu walipofika waliwakuta baisani kwa mamilioni. Kilichokaribia kuwamaliza ni bunduki na biashara ya ngozi ya karne ya 19. Mamothi, ambaye ushahidi wa kuuawa kwake mara nyingi ni wa mmoja mmoja au wachache, ndiye aliyetoweka. Kwa hiyo idadi ya mizoga ya siku moja haitupi jibu tunalolitafuta.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ukubwa ni ngao. Kwa mnyama mmoja mmoja ni ngao kweli, kwa kuwa simba hamsogelei ovyo tembo aliyekomaa. Lakini uhai wa jamii nzima ya wanyama hutegemea watoto wanaozaliwa na kukua kuliko nguvu za mmoja wao, na mwili mkubwa hulipiwa kwa uzazi wa polepole. Mnyama aliyezoea kwa mamia ya maelfu ya miaka kwamba karibu hakuna wa kumuua akiwa mkubwa hana haja ya kuzaa kwa haraka, na siku akitokea wa kumuua, hana namna ya kuongeza kasi ya uzazi wake.

Kuhusu historia yenyewe, itoshe kusema kwamba ndani ya miaka 50,000 iliyopita Australia ilimpoteza diprotodoni, mnyama mwenye mfuko kama kangaruu aliyefikia tani mbili na zaidi. Amerika ya Kaskazini ilipoteza jenasi (yaani makundi ya jamii za wanyama zenye undugu wa karibu) zaidi ya 30 za mamalia wakubwa, na Amerika ya Kusini ilipoteza nyingi zaidi. Mwanasayansi Paul Martin wa Marekani alianza katika miaka ya 1960 kusisitiza kwamba vifo hivyo vinafuata nyayo za binadamu alivyosambaa duniani, na mabishano hayajatulia tangu wakati huo.

Turudi kwenye uzazi, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo lote. Chukua mfano wa mtu mwenye kuku 20 anayechinja wawili kila mwaka, mmoja Idi ndogo na mmoja Idi kubwa. Hataona upungufu wowote, kwa sababu mtetea mmoja huangua vifaranga wa kutosha kufidia wote wawili. Mwenye mbuzi 20 naye hana wasiwasi, kwani mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5 na mara nyingi huzaa mapacha. Mwenye ng'ombe 20 lazima aanze kuhesabu: mimba ni miezi 9, ndama ni mmoja, na mtamba huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hata hivyo, akiwa mwangalifu, wawili kwa mwaka atawamudu.

Sasa tufikirie zizi lenye tembo 20. Nusu yao ni majike, na tuseme 7 kati ya hao 10 wamekomaa. Mimba ya tembo huchukua miezi 22; jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 10 na zaidi, kisha hupata ndama mmoja katika kila miaka 4 au 5. Majike hayo 7 yataleta ndama 7 hivi kwa miaka 5. Katika muda huohuo mwenye zizi, kwa desturi ileile ya Idi mbili, atakuwa amechinja 10. Zizi limepungua tembo 3 kabla hatujamhesabu hata mmoja aliyekufa kwa uzee, ugonjwa au ukame, na miaka 5 inayofuata itakuwa mibaya zaidi, kwa kuwa majike yamepungua na idadi ya kuchinjwa imebaki palepale. Ukoo huo utakwisha, na hakuna siku ambayo mpita njia angeona mauaji ya kumshtua. Angeona sikukuu mbili kwa mwaka.

Hesabu hiyohiyo inaweza kupanuliwa hadi bara zima. Kwa mfano, kati ya kila wanyama 100, tuseme 6 huzaliwa kwa mwaka na 4 hufa wenyewe. Jamii hiyo inakua taratibu. Wawindaji wakiongeza vifo 4 tu, ongezeko la 2 kwa mia linageuka kuwa upungufu wa 2 kwa mia, na ukiendelea hivyo kila mwaka, nusu ya wanyama wote huwa wamekwisha baada ya miaka 35 hivi, na katika kila 1,000 hapabaki hata mmoja baada ya miaka 350. Huo ni muda mfupi sana kwa kipimo cha visukuku, lakini kwa maisha ya mtu ni mrefu: mwindaji aliyeanza kazi akiwa na miaka 20 angefika miaka 55 ndipo waliopo wawe nusu ya wale aliowakuta. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya maelezo tu, ila hazitofautiani sana na mwendo wa uzazi wa wanyama wakubwa.

Msomaji makini atauliza kama wawindaji wenyewe hawakupungua mnyama alipokuwa haba. Kwa duma ingekuwa hivyo: swala wakipungua, duma hufa njaa, na swala hupata nafasi ya kuongezeka tena. Binadamu huivunja kanuni hiyo kwa sababu hategemei windo moja. Samaki, sungura, mizizi na matunda vilikuwa kwake kama ugali wa kila siku, na mnyama mkubwa alikuwa kitoweo cha bahati. Aliweza kuishi miaka mingi bila kukutana na mamothi hata mmoja, na bado siku aliyokutana naye alimuua. Mwaka 2001 mwanasayansi John Alroy alichapisha matokeo ya kompyuta yaliyoiga jambo hili kwa Amerika ya Kaskazini. Katika mfano wake watu waliongezeka polepole na kuwinda bila uteuzi maalumu, na matokeo yakaagua sawasawa hatima ya jamii 32 kati ya 41 za wanyama. Kuiga kwa kompyuta hakuthibitishi kwamba mambo yalitokea hivyo, bali kunaonyesha kwamba hoja yangu ya zamani, ile ya uchache wa watu, haizuii chochote.

Mahali palipo na ushahidi safi zaidi ni New Zealand. Visiwa hivyo vilikaliwa na ndege waitwao moa, wa jamii 9, wasio na mabawa hata kidogo. Jike la jamii kubwa kabisa lilizidi kilo 200, mara mbili ya mbuni wa kawaida, na madume yalikuwa madogo kiasi kwamba wataalamu waliwahi kudhani ni jamii tofauti. Alama za ukuaji ndani ya mifupa zinaonyesha kwamba baadhi yao walichukua karibu miaka 10 kukomaa, jambo geni kwa ndege. Mababu wa Wamaori, wenyeji wa visiwa hivyo, walifika karibu na mwisho wa karne ya 13, na ndani ya miaka 150 hivi moa walikuwa wamekwisha, wakati wakazi wa visiwa vyote, kwa makadirio ya watafiti, hawakufika hata 2,500. Vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa vinaonyesha kwamba moa hawakuwa wakipungua kabla ya watu kufika. Mayai yao yaliliwa pia, misitu ilichomwa, na tai mkubwa kuliko tai wote tunaowajua, aliyewategemea moa kwa chakula, alitoweka pamoja nao. Wamaori wenyewe wana msemo wa kupotea kama moa alivyopotea.

Je, tabianchi haina hatia kabisa? Hapa lazima niende taratibu. Mamothi na jamaa zake walivuka vipindi vya joto vya kabla ya hapo bila kutoweka, na kwenye visiwa vya Kuba na Hispaniola mnyama mla majani mwenye kucha ndefu, aitwaye slothi wa ardhini, aliishi maelfu ya miaka baada ya ndugu zake wa bara kwisha, akatoweka baada ya watu kufika visiwani, ingawa joto lilipanda kote kwa pamoja. Hayo yanamwelekea binadamu. Lakini katika kisiwa cha St. Paul, karibu na Alaska, mamothi walikwisha miaka 5,600 hivi iliyopita bila kuwepo mtu yeyote; bahari ilipanda, kisiwa kikafinyika, na maji ya kunywa yakapungua.

Kuna hata ushahidi wa mavi, nao unanivutia kuliko wote. Ipo kuvu inayoota kwenye mavi ya wanyama walao majani, na mbegu zake laini huhifadhiwa kwenye matope ya maziwa; mbegu zikipungua, wanyama nao wamepungua. Matope ya Lynch's Crater, kaskazini mashariki mwa Australia, yanaonyesha mbegu hizo zikiporomoka miaka 41,000 hivi iliyopita, na moto na mabadiliko ya mimea vikafuata baadaye, kana kwamba wanyama waliondoka kwanza na nyasi zisizoliwa zikawa kuni. Hata hivyo, katika ziwa moja la Indiana, Marekani, upungufu ulianza miaka 14,800 hivi iliyopita, kabla ya Clovis, utamaduni wa kale wa Amerika ya Kaskazini ambao wawindaji wake ndio walioshukiwa kwa muda mrefu. Ama watu walikuwepo mapema zaidi, ama wanyama walikuwa wameshadhoofishwa na jambo jingine kabla ya mkuki kuwafikia.

Linabaki swali la Afrika, ambako binadamu ameishi kuliko kokote na tembo, kiboko, twiga na kifaru bado wapo. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba wanyama wetu walikua pamoja na mwindaji huyu tangu alipokuwa dhaifu, wakajifunza kumwogopa hatua kwa hatua, ilhali moa alikutana naye ghafla akiwa tayari hodari. Naona maelezo hayo yana mantiki, lakini ni vigumu kuyapima, na zaidi ya hapo wanyama wakubwa sana wa Afrika walianza kupungua zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita, nyasi za mbuga zilipokuwa zikienea. Wala Afrika haikusalimisha wote. Nyati mkubwa mwenye pembe zilizotanda zaidi ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha hayupo tena, na watu waliomwona kwa macho yao walimchonga kwenye miamba ya Sahara, huko Algeria.