Ngao ya wizi: umbo la protini ya fHbp

Bakteria wa homa ya uti wa mgongo, Neisseria meningitidis, amezungukwa na ganda la sukari. Chanjo nyingi humshambulia kupitia ganda hilo. MenAfriVac, iliyoanza kutolewa Burkina Faso mwaka 2010, hutumia ganda la kundi A, mojawapo ya makundi ya bakteria huyu. Kundi B halikubali njia hiyo. Sukari yake imefanana na ile iliyo kwenye seli za ubongo wetu wenyewe, na kinga ya mwili huiacha ipite kama ndugu wa nyumbani.

Ndipo watafiti wa Siena, Italia, wakapekua jenomu (maelekezo yote ya urithi) ya kundi B iliyochapishwa mwaka 2000, wakisaka protini za nje. Mojawapo ni fHbp, yaani protini inayoshika faktori H, na mimi sichoki kulitazama umbo lake. Ni mapipa mawili yaliyounganishwa na kiungo kifupi. Kila pipa ni nyuzi bapa za asidi amino, matofali ya protini, zilizolala ubavu kwa ubavu hadi zikafunga duara. Upande mmoja kuna mkia wa mafuta uliozama kwenye utando wa bakteria, kama nanga.

Kazi yake ni wizi. Katika damu yetu kuna faktori H, mlinzi anayezuia mfumo wa komplimenti, protini za kinga zinazotoboa vijidudu, usitoboe seli zetu. Huzitambua kwa sukari zilizo juu yake. Picha ya kristali iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha faktori H imelalia mapipa yote mawili, na fHbp imeiga mshiko wa sukari zetu kwa asidi amino tupu! Bakteria akishaivaa, komplimenti humpita.

Kingamwili nzuri dhidi ya fHbp hufanya mambo mawili: huita komplimenti, na huziba mahali pa faktori H. Bexsero na Trumenba, chanjo za kundi B, zote zina protini hii. Lakini kuna jambo linalonikera: protini hii ikishachomwa mwilini, faktori H yetu huiparamia na kuufunika uso uleule tunaotaka kinga iujue.

Dawa ya hilo imo katika umbo lenyewe. Kwenye fHbp ya aina ya kwanza, asidi amino iitwayo arijinini iliyo nafasi ya 41 ikibadilishwa kuwa nyingine, serini, mapipa hubaki vilevile ila faktori H haishiki tena. Panya waliopandikizwa jeni ya faktori H ya binadamu walitoa kinga bora zaidi kwa protini hiyo iliyobadilishwa. Asidi amino moja tu, kati ya zaidi ya 200.