Origenes hakufundisha kwamba mtu huzaliwa tena

Kila muhula nikifundisha historia ya Kanisa na kufika karne ya 3, kwa Origenes, mwanatheolojia wa Aleksandria, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, si huyu aliyefundisha kwamba mtu akifa hurudi katika mwili mwingine, Kanisa likayafuta hayo kwenye Biblia mwaka 553?" Jumapili iliyopita kaniuliza mzee wa kanisa, simu mkononi, video imesimamishwa katikati. Jamani, nimechoka.

Msikilizeni Origenes mwenyewe. Akifafanua Mathayo 17, anakutana na swali hilohilo: je, nafsi ya Eliya ilirudi ndani ya Yohana Mbatizaji? Anakataa katakata. Mafundisho ya nafsi kuhama mwili hadi mwili, anasema, ni mageni kwa Kanisa la Mungu. Mitume hawakuyarithisha, wala hayamo katika Maandiko. Luka ametaja roho na nguvu ya Eliya, hakutaja nafsi yake. Basi.

Kinachochanganywa ni kitu kingine: nafsi kuwapo kabla ya mwili. Hata hilo wataalamu bado wanavutana kama alilifundisha kweli. Mtaalamu Mark Edwards alilipinga mwaka 2002. Lakini kuwapo kabla ya mwili mmoja hakumaanishi kuingia wa pili na wa tatu. Laana 15 zinazohusishwa na mtaguso wa 553, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, zinagusa nafsi kutangulia mwili na vyote kurejeshwa mwishoni. Na Biblia ilifutwa lini? Kodeksi ya Vatikano na ya Sinai, hati za kale za Biblia, ni za karne ya 4, miaka mia mbili kabla ya mtaguso huo. Zifungue ulinganishe.

Tatizo ni kwamba kitabu cha Origenes kuhusu Kanuni za Kwanza kimetufikia kizima katika tafsiri ya Kilatini ya Rufino tu. Mwaka 1913 Paul Koetschau alipotoa toleo lake, alipachika ndani yake vipande kutoka kwa wapinzani wa Origenes, pamoja na barua ya Kaisari Justiniani. Vizazi vya wasomaji vikanukuu mashtaka vikidhani ni maneno ya mshtakiwa.

Habari ya kwamba alijihasi inatoka kwa Eusebi, mwanahistoria wa Kanisa. Ila Origenes mwenyewe, akifafanua Mathayo 19, anawakosoa wanaoichukua neno kwa neno aya ya waliojifanya matowashi kwa ajili ya Ufalme. Wataalamu wamegawanyika, mimi siisadiki.

Eti alisema Ibilisi ataokoka? Akiwa hai aliandika barua kulalamika kwamba amesingiziwa.

Na hakufa akiwa amelaaniwa na mtaguso mkuu wowote. Aligombana na askofu wake Demetrio, akahamia Kaisarea, akateswa gerezani wakati wa Kaisari Decius, akafa miaka michache baadaye. Laana ya mtaguso mkuu ilimkuta kaburini kwa karibu miaka 300.

Ukitaka kumjua, achana na video, anza na mahubiri yake. Mwaka 2012 Marina Molin Pradel aliyakuta 29 juu ya Zaburi, kwa Kigiriki, katika hati iliyokuwa imekaa tu maktabani Munich.