Mpiga Chelo wa Okestra: Kazi Inayoanzia Nyuma ya Pazia

Wazazi wanaowaleta watoto wao kujifunza chelo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde mpigaji akiwa ameketi, hutuuliza sisi walimu kwanza kabisa: je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Anaweza. Ila wengi wao humfikiria mpigaji mmoja aliyeketi mbele ya okestra, ukumbi mzima ukimtazama yeye. Wapigaji wa namna hiyo wanaopata riziki yao yote kwa solo ni wachache mno. Ajira ya kudumu ya kupiga chelo iko zaidi ndani ya safu: watu 8 hadi 12 katika okestra kubwa, wawili wawili kwenye stendi moja ya noti, wakitakiwa wasikike kama chombo kimoja.

Hapo ndipo vijana wengi wenye vipaji hukwama. Kijana amefundishwa kwa miaka mingi kutoa sauti pana inayojaza ukumbi. Akiketi katika safu, sharti aipunguze mpaka ichanganyike na ya jirani yake. Upinde wake uende upande uleule na wa wenzake, kwa urefu uleule. Kiongozi wa safu ndiye anayeamua mielekeo hiyo, na alama huandikwa kwa penseli ili zifutike mwongozaji wa okestra akibadili mawazo. Anayeketi upande wa ndani, yaani mbali na watazamaji, ndiye anayegeuza ukurasa, hata kama itambidi aache noti kadhaa, huku mwenzake wa nje akiendelea kupiga. Ni mambo madogo, lakini asiyeyajua hujulikana mapema tu.

Kuingia ni kwa usaili, na nafasi moja katika okestra yenye jina inaweza kuvuta mamia ya waombaji. Okestra ya Boston Symphony ilianza kutumia pazia mwaka 1952, na baadaye nyingine nyingi zikafuata. Majaji hukaa upande mmoja, mwombaji upande wa pili akiitwa kwa namba tu, na mara nyingine zulia hutandikwa ili mlio wa viatu usimtambulishe kuwa ni mwanamke au mwanamume. Utaratibu huu nauunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kwamba okestra nyingi huliondoa pazia katika duru ya mwisho, pale ambapo naona linahitajika zaidi.

Mwombaji hupiga sehemu ya konseto, yaani kazi ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, mara nyingi ile ya mtunzi Haydn katika ufunguo wa D, kisha vipande vifupi kutoka kazi za okestra. Kimoja kinachoombwa sana ni mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1808, ambapo chelo na viola, ala ya nyuzi ndogo kuliko chelo, hubeba wimbo pamoja. Ukikitazama kwenye karatasi utasema ni rahisi: mwendo wa wastani, sauti ya chini, noti si nyingi. Mtego uko kwenye mdundo. Noti yenye nukta, yaani iliyorefushwa, hufuatwa na noti fupi sana, na mkono ulioingiwa na woga huirefusha ile fupi bila mwenyewe kujua, mdundo ukageuka kuwa wa tatu tatu. Jaji hulisikia kosa hilo papo hapo. Ndiyo maana tunawahimiza wanafunzi wajirekodi, kisha wajisikilize kesho yake masikio yakiwa yamepumzika.

Anayeshinda huingia katika kipindi cha majaribio, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Wenzake sasa humpima kwa yale ambayo usaili hauonyeshi: anasikiliza? Anafika mazoezini akiwa amekwisha kujifunza noti zake? Wiki ya kawaida ina mazoezi kadhaa ya saa mbili na nusu hadi tatu, halafu matamasha, na wiki inayofuata muziki ni mwingine.

Naomba niseme kwa mkazo kuhusu afya, kwa sababu mafunzo mengi huichelewesha. Mgongo, bega la mkono wa upinde na kidole gumba cha kushoto huumia polepole, na anayeficha maumivu ili asipoteze kiti hujikuta amepoteza zaidi. Masikio nayo yamo hatarini. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 za kazi huhesabiwa kuwa mpaka wa kuanza kuchukua hadhari, na anayeketi mbele ya tarumbeta huupita mpaka huo kwa urahisi. Vizibo maalumu vinavyochongwa kwa umbo la sikio la mtu hupunguza sauti bila kuiharibu. Mwanafunzi avizoee tangu chuoni.

Si kila mmoja hubaki katika kiti hicho maisha yake yote. Arturo Toscanini, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa okestra, alikuwa mpiga chelo wa okestra ya opera iliyokuwa ziarani Rio de Janeiro mwaka 1886 alipoitwa ghafla kuongoza, akiwa na miaka 19. Wengi zaidi huchanganya kufundisha, muziki wa vikundi vidogo na vibarua vya kujaza nafasi katika okestra mbalimbali. Kibarua huitwa leo kwa mazoezi ya kesho, kwa hiyo uwezo wa kusoma noti mpya kwa haraka ndio humletea mkate.

Kijana anayeitaka kazi hii ajiunge mapema na okestra ya vijana, na akubali kuanzia stendi ya mwisho. Huko nyuma sauti ya mbele humfikia kwa kuchelewa, hivyo atajifunza kuingia kwa kuutazama upinde wa kiongozi wa safu badala ya kungoja kuusikia.